Sado, kikombe na gramu: mwongozo kamili wa kuoanisha vipimo nyumbani kwako

Keki haikuumuka. Wali haukutosha wageni. Kitenge kilipungua kidogo tu, ila kidogo hicho ndicho kilichokuwa mkono wa gauni. Malalamiko haya matatu naletewa kuliko mengine yote, na nikiuliza vizuri nakuta chanzo ni kimoja: mtu amechanganya vipimo vya aina mbili akidhani ni kitu kimoja.

Hapa Mwanza siku moja inapita kwenye vipimo vingi. Asubuhi unanunua sukari robo kwa mizani ya dukani. Mchana unachukua mchele kwa sado sokoni Igoma. Jioni unafungua simu kutafuta namna ya kuoka keki, nayo inakutajia vikombe, aunsi na nyuzi za Fahrenheit. Fundi seremala anahesabu futi na inchi, fundi nguo anataka yadi.

Hakuna kipimo kibaya kati ya hivyo. Tatizo ni kwamba wengi wetu hatujawahi kupima vyombo vyetu wenyewe tukajua vinachukua kiasi gani. Mwongozo huu unakufikisha hapo. Tenga alasiri moja, na ukimaliza utakuwa na kadi moja ya kubandika ukutani jikoni.

## Vitu vya kuandaa

- Chupa ya maji ya kunywa ya lita 1 ambayo haijafunguliwa. Ya nusu lita nayo inafaa.
- Mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu. Kama huna, azima ya jirani kwa siku hiyo moja.
- Kikombe unachopikia kila siku. Kiwe kimoja, na kisibadilishwe.
- Kijiko cha chai na kijiko cha chakula.
- Bomba la sindano la mililita 5 au 10, jipya, lisilo na sindano. Duka la dawa lolote wanalo.
- Sado yako, au kopo lolote unalopimia nafaka.
- Futikamba ya fundi nguo, ile yenye inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili.
- Rula au kisu kilichonyooka, kalamu ya wino usiofutika, plasta ya karatasi na kadi ngumu.

Usianze kabla vitu hivi havijakaa mezani. Ukikatiza kazi katikati ili ukatafute kalamu, utasahau namba uliyosoma.

## Hatua ya 1: Tenganisha uzito na ujazo

Kilo na gramu ni uzito, yaani kitu kina mzigo kiasi gani kwenye mizani. Lita, kikombe, kijiko, sado na debe ni ujazo, yaani kitu kinachukua nafasi kiasi gani ndani ya chombo.

Viwili hivi vinalingana kwa maji peke yake: lita 1 ya maji ni kilo 1, na mililita 1 ni gramu 1. Kwa kitu kingine chochote vinaachana. Lita 1 ya mafuta ya kupikia ina uzito wa gramu 920 hivi. Lita 1 ya asali inafika kilo 1.4. Lita 1 ya unga wa ngano usioshindiliwa haivuki gramu 600.

Ndiyo maana neno "nusu" linaleta hasara. Ukiagiza mafuta nusu, muuzaji anakupimia nusu lita, ambayo ni gramu 460. Ukiagiza mchele nusu, anakupimia nusu kilo. Ni neno lile lile, kipimo si kile kile.

Utajua umeelewa pale utakapoweza kujibu bila kusita: sado ya lita 4 ya mchele ina kilo ngapi? Kama jibu lako ni kilo 4, rudia hatua hii. Kosa hili ndilo linalofanya wageni wakose chakula, na nitalirudia kwenye hatua ya 5.

## Hatua ya 2: Pima kikombe chako kwa maji

Kikombe cha kwenye mapishi ya Marekani ni mililita 237. Nchi nyingi zinazotumia lita na gramu hukichukua kikombe kuwa mililita 250. Kikombe cha chai cha nyumbani kwako kinaweza kuwa 200, na kile kikubwa cha udongo kikawa 350. Hakuna wa kukuambia zaidi ya maji.

Weka kikombe juu ya mizani na ubonyeze kitufe cha kurudisha sifuri. Mimina maji hadi mahali unapojazia siku zote, kisha soma gramu. Namba hiyo ndiyo mililita za kikombe chako.

Kama mizani haijapatikana, fungua chupa ya lita 1 uone inajaza kikombe mara ngapi. Ikijaza mara 4 kamili, una kikombe cha mililita 250. Ikijaza mara 5, ni mililita 200.

Kisha weka alama ya mililita 250; kama kikombe chako hakifiki hapo, chukua kikubwa zaidi ukipime upya. Kwa kikombe cha kioo, mimina gramu 250 za maji, bandika kipande cha plasta kwa nje, na chora mstari pale maji yalipofika. Kwa kikombe cha plastiki kisichoonyesha ndani, chora mstari kwa ndani kwa ncha ya msumari.

Angalia: meza iwe sawa, na usome mstari jicho likiwa usawa wa maji. Ukisoma kutoka juu utajidanganya.

Utajua umefanikiwa ukirudia mara tatu na majibu yasipishane kwa zaidi ya mililita 5.

## Hatua ya 3: Vijiko, na onyo moja lisilo na mzaha

Kwenye mapishi utakuta herufi "tsp" na "tbsp". Ya kwanza ni kijiko cha chai cha mililita 5. Ya pili ni kijiko cha chakula cha mililita 15, yaani vijiko vitatu vya chai. Australia wao kijiko chao cha chakula ni mililita 20, kwa hiyo angalia mwandishi wa mapishi yako anatoka wapi.

Vuta maji kwa bomba la sindano, yatone taratibu kwenye kijiko chako hadi kijae bila kumwagika, uandike namba. Vijiko vya chakula tunavyolia wali vingi havifiki mililita 15. Kama chako kina 10, basi kila mapishi yanapotaka kijiko kimoja, wewe weka kimoja na nusu.

Kosa la kijiko linaumiza kwa chumvi, hamira, magadi na beking poda. Vitu hivi vinaingia kidogo, kwa hiyo kuzidi kidogo ni kuzidi sana.

Sasa onyo. Usimpimie mtoto dawa ya maji kwa kijiko cha jikoni, hata kama umekipima leo. Tumia kikombe kidogo au bomba lililokuja na dawa. Kama halikuja, nunua bomba jipya duka la dawa. Mililita 5 za dawa ni za kufuatwa hasa, na kijiko kinajazwa tofauti na kila mkono unaokishika.

## Hatua ya 4: Tengeneza jedwali la kikombe kimoja

Hapa ndipo palipo na kazi, na ndipo faida ilipo. Chukua kikombe chako chenye alama ya 250. Kirudishe sifuri kwenye mizani, kijaze unga wa ngano kwa kijiko hadi kwenye alama bila kuushindilia, usome gramu. Fanya hivyo kwa kila kitu unachopikia mara kwa mara.

Namba hizi ndizo utakazokaribia kuzipata kwa mililita 250:

- Unga wa ngano uliojazwa kwa kijiko: gramu 130
- Unga wa ngano uliochotwa kwa kikombe chenyewe: gramu 150 au zaidi
- Sembe: gramu 150
- Sukari nyeupe: gramu 210
- Mchele: gramu 210
- Maharage makavu: gramu 200
- Mafuta ya kupikia: gramu 230
- Asali: gramu 350

Tazama mistari miwili ya kwanza. Unga ni ule ule, kikombe ni kile kile, na tofauti inatoka mkononi mwako tu. Ukizamisha kikombe ndani ya mfuko wa unga unaushindilia bila kujua. Chekecha au vuruga unga kwanza, ujaze kwa kijiko, kisha pitisha rula juu. Wazee waliita hiki kipimo cha mfuto, na neno bado linafaa: unafuta kinachozidi.

Namba zako zikipishana na zangu kwa gramu 10, andika zako. Unga wako na hali ya hewa ya nyumbani kwako ndivyo unavyopikia. Zikipishana kwa gramu 40, rudi hatua ya 2, kuna mahali alama imekaa vibaya.

## Hatua ya 5: Sado, debe na soko

Sado ya kawaida ni kopo la lita 4. Debe ni lita 20, kwa hiyo sado tano hujaza debe. Hakikisha kwanza la kwako: linapaswa kupokea vikombe 16 vya maji vya mililita 250. Likipokea 15, andika 15.

Kisha lijaze mchele kwa mfuto, pima. Utapata kilo 3.4 hivi. Mahindi yatakuwa karibu kilo 3, maharage kilo 3.2. Dagaa wakavu ni wepesi mno kwa sababu katikati yao kuna hewa tupu: sado yao haifiki hata nusu ya uzito wa sado ya mchele. Ndiyo maana bei ya dagaa kwa sado pale Mwaloni Kirumba usiilinganishe na bei ya kilo ya dukani kabla hujapima.

Turudi kwa wageni waliokosa wali. Una watu 60, na umekadiria kilo 1 ya mchele kwa watu 8. Unahitaji kilo 7.5. Ukiamini sado ni kilo 4, utanunua sado mbili na kuona umezidisha. Kwa kweli umebeba kilo 6.8. Zimepungua gramu 700, ambazo ni sahani tano au sita. Wanaokosa huwa ni wapishi na watoto, kwa kuwa ndio wanaokula mwisho. Ulipaswa kununua sado mbili na robo.

Mambo matatu ya kuangalia sokoni:

Kilele. Sado iliyofutwa na sado yenye kilele ni vipimo viwili. Kilele kizuri cha mchele kinaweza kuongeza robo kilo. Uliza kabla ya bei: "Unapima kwa kilele au unafuta?" Muuzaji mwema hakasiriki.

Kitako. Geuza kopo ulitazame chini. Lililobonyea kuelekea ndani linapunguza ujazo, na kwa macho ya juu huoni kitu.

Mtikiso. Dagaa na unga hushuka kopo likitikiswa. Omba litikiswe mara moja kabla ya kujazia juu.

Kwa mizani, tafuta stika ya uhakiki ya Wakala wa Vipimo. Na anayenunua kwa gunia akumbuke kwamba lumbesa imekatazwa kisheria. Mkulima anayeuza gunia lenye kichwa anatoa mazao ambayo hayakuhesabiwa kwenye bei, na linaniuma kila ninapoliona likipakiwa kwenye lori.

## Hatua ya 6: Geuza mapishi ya mtandaoni

Andika upya mapishi yote kwa gramu kabla hujawasha jiko. Usigeuze ukiwa umeshika mwiko.

Funguo ni hizi. Aunsi 1, inayoandikwa "oz", ni gramu 28. Paundi 1, ile ratili ya zamani, huandikwa "lb" na ni gramu 454. Fimbo moja ya siagi ya Marekani ni gramu 113. Kuna pia aunsi ya vimiminika, ambayo kwa Marekani ni mililita 30 hivi. Ukiona "8 oz" ya maziwa ni ujazo, "8 oz" ya jibini ni uzito. Painti ya Marekani ni mililita 473, ya Uingereza 568, na tofauti hiyo inatosha kuharibu uji.

Tuchukue keki inayosema: unga vikombe 2¼, sukari kikombe 1, siagi fimbo 1, mayai 2, maziwa kikombe 1, beking poda vijiko vya chai 2½, chombo cha inchi 9, nyuzi 350.

Ukishageuza inasomeka hivi: unga gramu 280, sukari gramu 200, siagi gramu 113, mayai 2, maziwa mililita 240, beking poda mililita 12.5, chombo cha sentimita 23, nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi.

Dada mmoja aliniletea keki hii ikiwa ngumu kama tofali. Alitumia kikombe kikubwa cha mililita 300 na kukichota moja kwa moja kwenye mfuko, kwa hiyo unga wake ulipita gramu 400. Alidhani haidhuru kwa kuwa alitumia kikombe hicho hicho kwa kila kitu. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Unga, sukari na maziwa viliongezeka pamoja na kikombe, ila mayai yalibaki mawili, siagi ikabaki fimbo moja na beking poda ikabaki vijiko vile vile. Kikombe chochote kinafaa pale tu ambapo kila kitu kwenye mapishi kinapimwa kwa kikombe hicho.

Chombo nacho kina hesabu yake. Cha inchi 9 ni sentimita 23, cha inchi 8 ni sentimita 20. Inaonekana kama tofauti ndogo, kumbe eneo la kile kikubwa linazidi kwa zaidi ya robo. Ukimimina mchanganyiko wa inchi 9 kwenye chombo cha inchi 8, utafurika au katikati itabaki mbichi. Jaza chombo hadi theluthi mbili tu, kinachobaki kioke pembeni kwenye vikombe vidogo.

## Hatua ya 7: Joto, na kwa nini Mwanza si Dar es Salaam

Kugeuza Fahrenheit: toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Zile utakazokutana nazo zaidi ni nne: 325 ni 163, 350 ni 177, 375 ni 191, 400 ni 204. Namba yoyote ya joto inayozidi 300 kwenye mapishi ya keki, ichukulie ni Fahrenheit hata kama mwandishi hakusema.

Anayeoka kwa sufuria na mkaa juu na chini hana kipimajoto. Nyunyiza kijiko cha chai cha unga kwenye sahani ya bati, uiweke ndani na kufunika kwa dakika 5. Unga ukiwa rangi ya dhahabu, joto ni la wastani na linafaa keki. Ukibaki mweupe, ongeza mkaa juu. Ukiwa kahawia iliyokolea, punguza mkaa wa chini kwanza, maana huo ndio unaounguza kitako.

Kuna jambo ambalo watu wa hapa hawaambiwi. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Kwa sababu hiyo maji yetu yanachemka yakiwa karibu nyuzi 96, hayafiki 100. Maharage yaliyoiva kwa saa moja na nusu kwa ndugu yako wa Dar es Salaam yatataka muda zaidi kwako, na hakuna ulichokosea. Loweka usiku kucha, funika sufuria, na usiongeze magadi kwa hasira. Anayetumia kipimajoto asingoje kisome 100 kwenye maji yanayochemka.

## Hatua ya 8: Futi, inchi na yadi

Hapa ni pafupi. Inchi 1 ni sentimita 2.54, futi 1 ni sentimita 30.5, yadi 1 ni sentimita 91.4.

Kitenge cha yadi 6 ni mita 5.49. Ukikatiwa mita 5 ukaambiwa "ni karibu sawa", umepoteza karibu nusu mita, na huo ndio mkono wa gauni niliousema mwanzoni. Pima mbele ya muuzaji kabla mkasi haujapita.

Kwa shamba, ekari 1 ni mita za mraba 4,047. Ile desturi ya hatua 70 kwa 70 inakaribia kweli iwapo kila hatua ni ndefu kama yadi. Mtu mfupi akipima kwa miguu yake, ekari yake inakuwa ndogo, kwa hiyo shamba la kununua lipimwe kwa futikamba ndefu.

Kwa seremala na fundi bati, chagua kipimo kimoja tangu mwanzo hadi mwisho wa kazi. Ukipima dirisha kwa sentimita, mpe sentimita. Asigeuze yeye, usigeuze wewe.

## Hatua ya 9: Kadi ya ukutani

Chukua kadi ngumu, andika kwa herufi kubwa: kikombe changu mililita ngapi, vijiko vyangu mililita ngapi, jedwali la hatua ya 4, sado yangu ya mchele, maharage na mahindi kilo ngapi, na zile nyuzi nne. Ifunike kwa plastiki isilowe mvuke, na ibandike mbali na jiko kwa urefu wa macho ya anayepika mara nyingi, hata kama ni binti wa miaka 12.

Ijaribu siku hiyo hiyo. Pima vikombe viwili vya sukari kwa kufuata kadi, halafu viweke kwenye mizani. Vikisoma kati ya gramu 410 na 430, kadi iko sawa.

Andika na tarehe pembeni. Kikombe kikivunjika au sado ikibonyea, futa mstari wake na upime kipya kabla ya kupika kingine.